Kipepeo wa Mlimau

Siakago, 6 Julai 2025

Mama mpendwa,
Mmeamkaje huko Kanyakine? Sisi tu wazima, ila huyu mtoto mchanga ananinyima usingizi. Nkirote wangu amenipigia kwa simu ya mwalimu, analia. Kumbe umewamwagia jivu viwavi wa mlimau. Mama, hiyo ndiyo kazi yake ya shule, alinganishe mti na kipepeo wake. Mwachie tawi moja. Na shule zikifungwa nitamchukua, akae na sisi sasa. Nampa Kithinji muuza ndizi barua hii, usije ukasema simu ilikatika.
Mwanao, Gatwiri

Kanyakine, 13 Julai

Mwanangu,
Hapa ni baridi, magoti yananisumbua, lakini nakula. Mtoto ananyonya? Tangu lini viwavi wakawa masomo? Hata hivyo nimemsaidia. Ameandika: mti hukaa ulipoota na kulisha wengine. Kipepeo hula majani, akipata mabawa anaenda bila kuaga. Kuhusu kumchukua, ngoja kwanza. Miaka mitatu amekaa kwangu, amenizoea.
Mama yako

Siakago, 20 Julai

Mama yangu,
Pole na magoti. Nilisoma barua yako nikinyonyesha, nikacheka, halafu nikaisoma tena. Huyo kipepeo ni mimi, si ndiyo? Nilikula kwako nikaenda, ni kweli. Lakini usimwandikishe mtoto hivyo. Afute, aangalie mwenyewe yule kipepeo mweusi wa madoa ya njano hutaga wapi. Si kwa kahawa, si kwa ndizi, ni kwa mlimau tu. Umemlea vizuri, mama, sitasahau. Lakini ni mtoto wangu na namtaka nyumbani. Nakuja Jumamosi, tarehe mbili Agosti.
Akupendaye, Gatwiri

Kanyakine, 27 Julai

Mama Nkirote,
Tumeshinda vizuri. Jivu nimeacha, tawi la upande wa choo ni lao. Jana kipepeo alikuja akataga hapo, Nkirote akanivuta leso nione. Nikamwambia huyo si yule aliyetoka hapa, ni mwingine. Akaniuliza, “Sasa nyanya, kama ni mwingine, alijuaje pa kuja?” Amefuta, ameandika upya, na hataki nisome.
Nguo zake nimefua. Wewe usitoke na mtoto mchanga kwa baridi hii, namleta mwenyewe. Jirani Mukiri atakamua ng'ombe wiki nzima nikiwa huko. Sijawahi kulala Siakago, nasikia ni joto. Niwekee godoro karibu na dirisha.
Mama yako