Betri za Bosi Renatus

Makole, Dodoma

Kaka yangu Damas,

Shikamoo kaka. Tumsifu Yesu Kristo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kivulini na kikombe cha chai, jambo ambalo wiki chache zilizopita nisingeliweza. Habari za Songea? Wifi amepona ile homa? Na goti la Mama, bado linamsumbua akienda misa ya asubuhi? Mimi ni mzima, isipokuwa kiganja cha kushoto, nacho kimeshaota ngozi mpya.

Kwenye simu nilikwambia nimeacha kazi, kisha nikakata nikisingizia mtandao. Sikuacha kazi, kaka. Nilifukuzwa, tena kwa kosa lisilo langu. Nisingeweza kukueleza huku nikimsikia Mama anakohoa pembeni yako. Ndiyo maana nayaandika, na nimesubiri mpaka yameisha.

Duka la Bosi Renatus nililokuwa fundi wake linauza malori ya rimoti, yale ya urefu wa mkono mmoja. Usidhani ni ya watoto. Walio nayo ni maofisa wa wizara, wafanyakazi wa Bunge na wastaafu, na Jumamosi wanakutana kwenye uwanja wa vumbi upande wa Msalato kushindana. Siku hizi malori hayo yana mota zisizo na brashi. Mota hiyo ina nguvu sana, lakini ikibanwa inanyonya umeme mwingi kwa mkupuo mmoja. Ukiipa betri isiyoweza kuutoa, betri inachemka, inavimba kama andazi, kisha inashika moto.

Mwanzoni mwa kiangazi Renatus alileta shehena ya betri za lithiamu zenye tarakimu kubwa kubwa kwenye lebo. Nilipoishika ya kwanza nikashtuka kwa wepesi wake, na nyaya zake zilikuwa nyembamba. Nikamwambia kwa adabu kwamba hizi zinafaa vigari vidogo, si malori. Akanijibu kwamba kazi yangu ni kuchomelea plagi, si kukagua lebo.

Wa kwanza kununua alikuwa Mzee Ndahani, mwalimu mstaafu anayetoka Mvumi. Nilimchomelea plagi mwenyewe. Jumamosi ile lori lake lilizunguka mara mbili, likaanza kutoa moshi. Nilikuwa karibu, nikakimbia kuichomoa betri ili lori lisalimike. Ikaniwakia mkononi. Lori nalo likaungua lote.

Nikiwa nimepiga magoti, kiganja nimekitia kwenye maji ya kunywa ya mtu, nikamsikia Renatus juu ya kichwa changu akiwaambia watu: "Ni huyu binti. Alichomelea plagi vibaya, nami nilishamwonya." Plagi ilikuwa pale chini, nzima, haijalegea hata kidogo. Hakuna aliyeitazama. Mzee Ndahani alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mwanafunzi aliyefeli. Jumatatu nikakuta vifaa vyangu vimewekwa nje ya duka kwenye mfuko wa rambo.

Kaka, sikulia. Niliapa kulipiza.

Mama Zuhura, mama mmoja wa Kondoa anayeuza karanga na ufuta hapa Makole, alinipa kona ya kibanda chake, nikaweka meza. Nikamwomba mteja mmoja asiyenisema vibaya anipe betri aliyonunua kwa Renatus. Nikaiweka kwenye mizani ya karanga, upande wa pili nikaweka betri nzuri yenye lebo ya kawaida, isiyojisifu. Ile ya Renatus ikapanda juu kama haina kitu. Kisha nikaunganisha kila moja na taa ya mbele ya gari. Ya kwake ilififia kabla Mama Zuhura hajamaliza kuchambua ungo mmoja. Ya pili ikaendelea kuwaka mpaka akaniomba niizime, inamuumiza macho.

Nikaacha ile mizani na zile taa mezani, barabarani, kila mtu aone. Sikumtaja mtu. Mwenye lori akipita namwambia alete betri yake tuipime. Namwonyesha namna ya kuchagua: ishike uone uzito wake, tazama unene wa nyaya, pima seli moja moja uone kama zinalingana, endesha kidogo kisha iguse, na ikivimba usiirudishe tena kwenye chaja. Wakaja watano, wakaja kumi. Wote wakaondoka wamenuna, wakielekea dukani kwa Renatus.

Ikambidi ajibu. Akatangaza kwamba Jumamosi atafungua boksi jipya mbele ya watu, aweke betri yake kwenye lori lake mwenyewe, na ashindane na mimi. Akaniachia nichague njia, ili nisije nikalalamika.

Nikachagua, kaka. Nilikwenda Msalato siku mbili kabla nikatembea uwanja mzima mpaka nikapata mahali penye mchanga laini, halafu kituta cha kupanda, halafu mchanga tena. Nilijua lori litazama, mota itabanwa, betri itaombwa kile isichokuwa nacho. Nilijua kabisa. Nikaenda na ndoo ya mchanga mkavu, nikaiweka miguuni pangu.

Lori langu, lenye betri kama ile nzuri, lilipanda na kushuka. Lake lilikwama kwenye kituta, akalazimisha rimoti, moshi ukatoka. Watu wakarudi nyuma. Yeye akakimbilia lori na kunyoosha mkono aichomoe betri, kama nilivyofanya mimi. Nikaupiga mkono wake pembeni kwa teke. Mzee Ndahani alisema baadaye kwamba nina moyo mwema. Kumbe haikuwa huruma. Sikutaka apate kidonda, watu wakaanza kumwonea huruma.

"Nipe huo mchanga," akasema.

Nikaishika ndoo. "Kwanza waambie nani aliunguza lori la Mzee Ndahani."

Akanitazama, akalitazama lori. Lile lori alikuwa amelijenga mwenyewe kwa miaka, kipande kwa kipande. Moto ulikuwa umefika kwenye magurudumu.

"Ni betri," akasema kwa sauti ya chini.

Nikamwambia hawajasikia.

"Ni betri zangu. Binti hakukosea kitu."

Nikamwaga mchanga, nikamwaga taratibu sana. Ulipokwisha, kilichobaki kilikuwa ekseli tu.

Mzee Ndahani alinifuata akavua kofia, akaniomba radhi mbele ya wote. Juzi alikuja hapa mezani nimchagulie betri ya lori jipya. Nilimhudumia, ila nilimwacha asimame kwenye jua mpaka nikamaliza wengine waliokuja baada yake. Hilo nalo nililitaka. Renatus amemtuma mtu aniulize kama nitarudi kazini. Nimemjibu kwamba barua ya kunirudisha aibandike nje ya duka lake, kwa maandishi makubwa kama ya lebo zake. Hajaibandika, nami napita pale kila siku kutazama.

Nisalimie wifi na wanao. Msalimie Baba Mdogo, mwambie bisibisi alizonipa ndizo ninazotumia. Shangazi Koleta mpe pole ya mahindi yake kuliwa na nyani. Mama mwambie nakula vizuri na misa sikosi. Akikuuliza kama nimemsamehe yule mtu, usimdanganye kwa ajili yangu. Mwambie kila Jumapili tukisali Baba Yetu, nikifika pale kwenye "kama tunavyowasamehe na sisi", nanyamaza, wengine wanaendelea, kisha najiunga nao mbele.

Mdogo wako akupendaye,
Theresia