Kungoja kwa Mjomba Siyo Ugonjwa

Mwanangu mpendwa Damari,

Kabla sijasema lililonifanya nishike kalamu, pokea salamu za watu wako, maana kila mmoja ameniambia nisimsahau. Bibi yako anakusalimu. Miguu inamsumbua asubuhi ila mdomo ni mzima, anauliza huko Dar es Salaam unakula ugali au unakula vile vitu vya kwenye karatasi. Baba yako bado yuko Mtera kwenye samaki wake, amepiga simu, anasema bwawani upepo ni mkali na wewe anakusalimu sana. Mdogo wako Penina anakusalimu, lile jino limeota, sasa anacheka hovyo ili watu walione. Kuku wako mwekundu anaatamia. Mimi ni mzima, usingizi ndio umepungua. Unalala na neti lakini? Hilo joto lisikufanye ufungue madirisha ukaliwa na mbu.

Na Mjomba anakusalimu. Najua utasema, mama, roboti haitumi salamu. Basi nazituma mimi kwa niaba yake, kwa sababu yuko chumbani kwangu, amefunikwa kanga, na mlango una kufuli. Ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kanga niliyovaa. Anayeutaka aje aufungue hapo.

Nimeandika kwa mkono wangu. Darasa la nne langu unalijua, nilipokosea pita tu. Kwenye simu unaniwahi, "Sawa mama, sawa mama, nitakupigia," halafu kimya. Karatasi hainikatishi. Na Penina nimemwambia aipige picha aiweke kwenye lile kundi la simu la timu yenu ya roboti, wasome wote, huyo mwenzako Fredi awe wa kwanza, na yule tajiri anayewagharamia huko naye asome. Sina la kusema kwa kificho.

Huyo tajiri alimwona Mjomba siku moja tu, ulingoni. Mimi namjua toka alipokuwa vyuma vilivyotandazwa kwenye mkeka uani kwangu hapa Nzuguni. Mikono yake inakwenda kwa mota za kufutia vioo vya magari mabovu. Kichwa chake ni sufuria yangu ya chai, na mpaka leo hujanirudishia nyingine. Jina alipewa na Penina, ile jioni umeme ulikatika akaingia sebuleni akaona mtu kasimama, akamwamkia, "Shikamoo mjomba." Tulicheka, jina likaganda. Bibi yako mpaka leo akipita humpa "mbukwa" yake ya Kigogo, halafu analalamika kwamba mgeni huyu hajui kuitikia.

Ulitaka ajifunze kupiga. Ukaniambia, "Mama, sina bondia wa kumwiga. Nina wewe." Ukanifunga mikononi kama saa vile vidude vya kumwonyesha Mjomba mwendo wa mikono, ukajifunga na vyako, tukasimama kwenye kinu cha uwele, mimi na mchi wangu, wewe na wako, Mjomba pembeni anatutazama kwa lile jicho lake moja. Wangu ukishuka, wako unapanda. Unakumbuka jasho lilivyokuingia machoni, mchi ukakuponyoka ukaanguka? Mimi nikazuia wangu juu, nikangoja. Mwenzako akiinama kinuni hushushi mchi, utampasua kichwa. Ulipouokota nikagonga ukingo wa kinu, ko, kwamba haya tuendelee. Hakuna aliyetuambia tufanye hivyo. Hata bibi yako alipokuwa na nguvu tulitwanga hivyohivyo.

Mjomba akajifunza kupiga, na kungoja nako akakubeba humohumo. Siku ya kwanza ya kumjaribu ulishika mto mbele yake awe anaupiga. Mto ukakudondoka. Mjomba akarudi nyuma, akashusha mikono, akatulia. Ulipouinua, akaugusa kidogo kwanza, kama nilivyogonga mimi ukingo wa kinu, ndipo akaanza tena. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye vumbi. "Mama, amechukua na kungoja!"

Nikakuuliza, sasa hiyo si itamharibia kazi yake ya ngumi?

Na hapa Damari sikiliza, maana maneno haya ni yako. Ulisema, "Nikitaka, kipande hicho cha kungoja nakifuta sasa hivi kama ubao. Lakini sikifuti. Nataka apigane hivi."

Sikushangaa. Nilikuwa nimeshaliona hilo kule Mvumi, wewe ukiwa darasa la tatu, nilipoitwa shuleni kwa sababu umepigana. Nilikwenda nimejifunika kanga usoni kwa aibu. Mwalimu akanieleza kwamba mlikuwa mnatwangana ngumi, gauni la mwenzio likanasa kwenye miiba ya uzio, wewe ukaacha, ukamnasua mwiba mmoja mmoja, ukamwambia ajiweke sawa, halafu ukamtandika upya. Mwalimu alijitahidi kukasirika akashindwa. "Mama, sijui nimwadhibu vipi huyu," akasema. "Anapigana kwa adabu." Njiani sikukuchapa. Nilikununulia karanga.

Kwa hiyo watu wakisema Mjomba ana kasoro, mimi namwona mtoto wangu pale kwenye uzio.

Nilikuja ukumbini mjini siku ya pambano la roboti, nikakaa mbele na bibi yako. Wakamtoa mpinzani, roboti mwingine aitwaye Radi, mabega kama mlango wa gari. Mjomba alianza vizuri, moja, mbili, Radi anayumba. Halafu mkono wa Radi ukachomoka begani, ukabaki unaning'inia kwenye waya. Ukumbi mzima ukasimama. "Mmalize! Mmalize!" Mjomba akarudi nyuma, akashusha mikono. Kijana mmoja nyuma yangu akapiga kelele, "Anangoja nini huyo, chai?" Mwingine akajibu, "Anangoja mahari!" Watu wakavunjika mbavu. Mwamuzi naye amesimama hajui ahesabu au asihesabu. Vijana wa Radi wakapanda, wakakaza mkono wao taratibu, hakuna aliyewaharakisha. Walipomaliza, Mjomba akaigusa glovu ya Radi, ko, wakaendelea.

Kisha ikaja zamu yake. Waya wa shingo ulilegea, akainamia upande mmoja kama mtu aliyesinzia kanisani. Radi hakungoja. Alimpiga akiwa ameinama, akampiga ameanguka, mpaka sufuria yangu ikabonyea. Nilipiga kelele, "Simama Mjomba!" Watu wakacheka tena, na mimi sikujali. Wewe ulipanda ulingoni ukakifunga kile kichwa kwenye kanga yako. Ulikuwa unalia. Nilidhani unalia kwa sababu ameumizwa. Siku hizi ndipo najiuliza kama ulikuwa unamwonea aibu.

Palepale mlangoni yule tajiri akawaambia, nami nilikuwepo, "Mashine mnayo. Mtoeni huo upole, nawapeleka Dar." Fredi akaitikia kabla hujafungua mdomo. Wewe ulitazama chini. Mkaenda Dar, Mjomba akabaki kwangu.

Sasa umenitumia ujumbe: "Mama mpe tu Fredi Mjomba. Tumeshakubaliana. Usinitie aibu." Nimeusoma mpaka Penina akaninyang'anya simu. Halafu ulipopiga nilisikia sauti ya mwanaume pembeni ikisema, "Mwambie basi," ndipo ukaniambia. Nimekuzaa mimi. Najua sauti yako ikitoka tumboni, na najua ikitoka midomoni tu.

Fredi alikuja, na gunia. Mtoto wa watu ana heshima, sikatai, shikamoo zake hazikosekani. Nikampa kiti na maji.

"Mama, nimekuja kumchukua Mjomba."

"Anakwenda wapi?"

"Kurekebishwa."

"Anaumwa nini?"

"Haumwi mama, ila ana ule ugonjwa wake wa kungoja."

Bibi yako akageuka kwenye mkeka wake. "Kungoja ni ugonjwa? Basi mimi ninayengoja umalize kuongea nipo mahututi."

Fredi akacheka, akafuta uso. "Bibi, ngumi siyo kanisa. Kule wanakuja watu na mashine kali. Ukimngoja mwenzako, yeye hakungoji. Si mliona wenyewe?"

"Tuliona," nikamwambia. "Tuliona nani alimpiga aliyeanguka. Huyo Radi ndiye unayemwonea wivu?"

Akalikunja gunia mapajani. "Mama, Damari mwenyewe amekubali."

"Damari mwenyewe ana miguu. Aje."

Aliondoka na gunia lake tupu. Amesema Jumamosi atarudi na gari la tajiri, na safari hii hataondoka mikono mitupu. Arudi. Nitampa kiti na maji tena. Mjomba simtoi. Nasema simtoi, na hili hata baba yako amenipigia toka Mtera kunibembeleza, anasema nakuharibia bahati yako, nikamwambia akate simu, samaki wake wanaungua.

Usinielewe vibaya, mama yangu. Mimi sitaki Mjomba ashindwe. Nilipomwona amelala pale chini niliumia kama nimepigwa mimi. Mkazeni hiyo shingo. Mtieni chuma kigumu kichwani, na sufuria nirudishiwe. Mfundisheni ngumi kali kuliko hizi, ngumi za kumtoa mtu ulingoni akiwa wima, anamtazama, mikono yote miwili mizima. Nikija kumwona akishinda hivyo nitapiga vigelegele mpaka Nzuguni wasikie. Lakini pale anaporudi nyuma na kushusha mikono, msiguse. Huko ndiko uliko wewe. Wakikufuta humo, ngumi zitakazobaki ni za nani?

Ninachoogopa siyo mashine. Naogopa uko huko na watu wanaokusemea, umeinama kama ulivyoinama siku ile mlangoni, na hakuna aliyezuia mchi wake akungoje uinuke. Basi mimi nimezuia wangu.

Na sikufungii mlango. Ukiwa unataka kweli kufuta, wewe, kwa moyo wako, panda basi uje. Nitafungua kufuli mwenyewe. Nitamleta Mjomba uani, utakaa naye pale penye kinu, ufute kwa mkono wako mimi nikiwa nakutazama, kisha nitakupikia ugali na mlenda na hutanisikia nikilisema tena mpaka nakufa. Lakini siyo kwa mkono wa Fredi. Siyo kwenye gunia.

Leo nilimtoa, nikamchaji, nikampa mchi wangu. Wako nimeulaza chini kando ya kinu, palepale ulipokuponyoka siku ile. Akauinua wangu, akakuta hakuna wa kupokezana naye, akauzuia juu. Bibi yako akampa mbukwa, hakujibu. Penina akamwita ale, hakugeuka. Kuku wakapita chini yake wakidonoa uwele. Alisimama hivyo mpaka chaji ikamwishia, mchi ukiwa bado uko juu, ikabidi nimkunjue vidole kimoja kimoja ili auachie.

Jibu upesi, mwanangu, kabla ya Jumamosi. Usiandike maneno mengi, na usimpe mtu mwingine akuandikie. Sema unakuja au huji. Mchi wako uko chini, na mimi sitauinua kwa niaba yako. Chaji ya Mjomba huisha. Mimi nipo tu.

Ni mimi mama yako, niliyesimama penye kinu,
Mama Damari