Vichwa vya Akina Mama kwenye Sayari ya Papa

Mabanga, Goma
Jumapili, tarehe 21 Agosti 2022

Mpendwa mdogo wangu Benny,

Kabla ya yote, mgongo unaendeleaje? Na mke wako Uwizeye, kile kikohozi kimemwachia? Watoto wanakula? Nauliza hivi kwa sababu kwenye ile picha mliyotuma wote mmejifunga makoti hadi puani, nikashindwa kujua nani amenenepa na nani amekonda. Kama huko mko salama, basi hata sisi hapa tuna nafuu. Goti langu la kulia linanisumbua kwa ajili ya pedali ya cherehani, lakini la kushoto halina neno, nalishukuru hilo. Mzee wetu Papa anakula vizuri, na presha yake ilipopimwa juzi muuguzi alitabasamu.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kwenye karatasi wakati simu ipo. Sababu ni kundi la familia. Mle ndani tumo watu arobaini na mmoja, pamoja na Papa, na kila ninapotaka kukutumia ujumbe wa siri kidole changu kinautuma kwa wote. Unakumbuka siku ile nilipomsema shemeji. Barua hii anakuletea Sista Mahoro anayekuja huko Kanada kwa masomo, naye ameapa hataifungua.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi wa saba ulinituma nimwambie Papa afunge ule ukumbi wake wa video pale Murara, ili yule mfanyabiashara wa simiti aufanye depo la kuwekea mifuko yake. Ulisema siku hizi watu wanatazama filamu kwenye simu, na mzee wa miaka sabini na minne hana sababu ya kufagia mabenchi matupu. Ulinipa hadi mwisho wa Agosti. Benny, sijamwambia. Usinikasirikie kwanza. Soma hadi mwisho, ndipo unikasirikie vizuri.

Si kwamba ulikosea. Tangu mlima ulipolipuka ukatukimbiza mwaka jana mwezi wa tano, ukumbi haujajaa hata mara moja. Papa alikuwa anaenda kila siku saa nane, anafungua, anafagia, anakaa mlangoni na funguo shingoni, anafunga, anarudi. Nyumbani haongei. Ukimuuliza kitu anakujibu kwa kichwa. Mtu aliyesema kwenye mikro kwa miaka ishirini na sita! Hilo ndilo lililokuwa linaniumiza, Benny, kuliko huo ukumbi. Namwangalia anavyokunywa chai kimya, natoka naenda kulia jikoni, nikirudi nasema ni kitunguu.

Unakumbuka alivyokuwa. Filamu zilikuja kwa Kiingereza, nyingine kwa Kichina, naye anasimama kando ya televisheni na mikro yake anatafsiri. Kiingereza hakujua hata cha kuombea maji. Wewe na mimi tulikua tukiamini kwamba watu wa nyota zote asili yao ni Butembo, kwa sababu kwa Papa kila nahodha wa chombo cha angani alimkaripia dereva wake kwa Kinande chetu, na kila kiumbe chenye macho matatu kilisalimia wakwe kwanza kabla ya kupiga risasi. Filamu za vita ziliwachosha watu, za mapenzi zikabaki kwa wachumba, lakini za nyota zilijaza mabenchi hadi watoto wanakaliana mapajani.

Siku moja nilimuuliza kwa nini. Alinijibu: "Filme ya mapendo, batu banajua mwisho, bataoana. Filme ya nyota, hata ule aliyeitengeneza hajui kule iko nini. Njo maana banarudia." Na mimi naongeza langu: sisi tuliolelewa chini ya mlima unaopaka anga rangi nyekundu, mtu akituambia kuna sayari ya moto, tunamuuliza tu iko upande gani wa Munigi.

Basi binti yangu Charline, yule uliyemwacha akiruka kamba na sasa anasoma mambo ya kompyuta, akaamua kutengeneza filamu ya nyota yeye mwenyewe. Nilimwambia filamu za namna hiyo zinatengenezwa na watu wenye mitambo mikubwa kama kanisa. Akasema vifaa vyote vipo Goma, ni sisi tu hatuvioni. Sayari ilikuwepo, ni yale mawe meusi ya mlima pale Munigi, yaliyopoa mwaka jana tu, hakuna hata jani. Kamera aliazima kwa rafiki. Ilibaki namna ya kuifanya kamera iteleze bila kutikisika, na huko nje nasikia wanatandika reli kwa kazi hiyo.

Charline alimtafuta Byiringiro, mwenye chukudu, anayebeba makaa kutoka juu. Nakukumbusha chukudu ni ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, kama baridi imeshakufuta akili. Charline anapiga magoti mbele na kamera, Byiringiro anasukuma kwa mguu, wanateremka barabara ya Munigi. Picha ilitoka laini kabisa. Nami nikamwambia, laini hiyo ni ya Mungu, maana breki ya kile chombo ni kiatu cha Byiringiro.

Byiringiro huyohuyo ndiye aliyekuwa mwanaanga. Kofia yake ilikuwa bidoni, dumu la njano la mafuta lililokatwa dirisha usoni, bado linanuka mawese, akawa anaigiza huku ana njaa. Nguo nilimshonea mimi, kwa mifuko ya unga wa maziwa, ile inayong'aa kwa ndani. Alikuwa safarini na vipimo vyake sina. Nikafungua daftari langu la zamani, likafunguka lenyewe kwenye ukurasa wako, vile vipimo vya suti uliyosafiri nayo. Nikashona kwa vipimo hivyo. Nilijidai kwamba wanaume wote ni sawasawa.

Sasa sikia kosa langu la pili, maana ndilo lililotaka kutuua kwa aibu. Ili kuweka nyota nyuma ya watu, unatundika kitambaa cha kijani ukutani, unawapiga picha mbele yake, kisha kompyuta inafuta kila kilicho kijani na kuweka anga mahali pake. Charline aliniomba kitambaa hicho. Mimi nilikuwa na baki la ile sare niliyowashonea akina mama wa parokia kwa sikukuu ya Kupalizwa, kijani kitupu bila ua hata moja, kwa sababu rais wao Mama Marie-Louise alisema maua yanaleta ubishi. Nikalitoa lote, nikajisifu kwa kutotupa kitu.

Charline alihitaji baraza la wakuu wa sayari, watu wenye heshima usoni. Heshima hapa mtaani wanayo akina mama wa parokia. Nikawaalika tarehe kumi na tano baada ya misa, wakaja moja kwa moja kutoka kanisani, kumi na wawili, wamevaa sare kuanzia kilemba hadi mguuni. Charline aliwaangalia, akaangalia ukuta, akanivuta pembeni. "Mama, bavue. Ama bajifunike na kitu ingine." Nani amwambie Mama Marie-Louise avue sare siku ya sikukuu? Nilijaribu kwa adabu zote. Alinijibu: "Kahindo, sare ya Bikira inavuliwa juu ya filme?" Nikamwambia Charline kompyuta itaelewa.

Kompyuta haikuelewa. Jioni mtoto aliniita nitazame. Benny, mbele ya macho yangu palikuwa na nyota elfu moja, na katikati yake nyuso kumi na mbili za akina mama wa parokia zikielea bila shingo wala nywele, na mikono ishirini na minne ikitembea peke yake, mingine imeshika rozari. Nilikaa chini. Nilijiona nikifukuzwa chama cha akina mama.

Na kesho yake mambo yakaharibika zaidi. Walikuwa wameshapiga picha ya mwanaanga akiondoka, anatembea juu ya mawe meusi ametugeuzia mgongo. Ilibaki picha ya kurudi. Byiringiro alipanda jiwe moja ili ageuke, na nguo yenye vipimo vyako ikapasuka kutoka kifuani hadi mahali ambapo sitapaandika, kwa sababu barua inabebwa na sista. Kamera ilitakiwa kwa mwenyewe jioni ileile. Kwa hiyo filamu ikabaki haina mwisho. Halafu wakagundua haina sauti pia, ni upepo wa Munigi tu na mlio wa gurudumu la chukudu, kama kuku anayekamatwa.

Lakini watu walikuwa wameshaalikwa. Papa alikuwa amempa Charline ukumbi kwa Jumamosi, na siku ya kumpa alifungua kinywa akasema: "Hii njo ya mwisho. Kisha nitatoa funguo." Ndiyo maneno marefu kuliko yote niliyomsikia nayo mwezi mzima. Nikasema sawa, onyesho likiisha nitamwambia maneno ya Benny, yataingia bila kuumiza sana. Namba ya mtu wa simiti nilikuwa nayo ndani ya pochi.

Jana saa tisa mchana tuliziba madirisha kwa magunia. Ukumbi ulijaa, maana kila mama alileta ukoo wake uje umwone. Papa alikaa nyuma kabisa, kwenye kiti cha mlangoni. Filamu ikaanza ukutani. Chombo cha angani kikateremka, sayari ikaonekana, watu wakasema "ee!" Kisha yule kuku akaanza kulia. Kwanza walicheka, halafu wakapiga mabenchi. "Sauti! Sauti! Tunataka sauti!" Charline alisimama kando ya kompyuta ameganda, machozi yanamtoka, nami nilitamani mlima ulipuke tena kidogo tu, watu watoke.

Ndipo nikasikia mtu anapuliza kwenye mikro. Puu, puu. Mara mbili. Benny, niliinuka, maana unajua ni nani anayepuliza mara mbili. Papa alikuwa amesimama mahali pake, kando ya picha, funguo zinaning'inia kifuani. "Batu ya Goma," alisema, "hii mulio munasikia ni ya moteri. Ile chombo iko na safari ndefu, na dereva hakutia mafuta." Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Kuanzia hapo hakunyamaza. Nahodha alikaripia kwa Kinande kama zamani, na wazee waliokuwa wakija zamani wakawa wanajibu.

Kisha vichwa vikatokea. Mama Marie-Louise alisimama taratibu kwenye benchi la mbele, na sare yake, akauliza: "Na mwili yangu iko wapi?" Mimi nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango. Papa hata hakupumua. "Bamama aba balichoka," alisema. "Kubeba maji, kubeba makala ya kupikia, kubeba batoto, kubeba bwana. Siku moja banasema, mwili ni muzigo, tuiache ku nyumba. Sasa banatawala sayari yote na kichwa tu." Mtu akauliza, na mikono je? "Mikono banabakisha juu ya kushika rozari." Akina mama walipiga vigelegele hadi magunia yakadondoka madirishani. Mama Marie-Louise aliketi, na baada ya filamu alidai sehemu yake irudiwe mara tatu. Sijafukuzwa chamani. Wananiuliza mwaka ujao tutashona rangi gani itakayofuta mwili vizuri zaidi.

Mwisho ikaja picha ya mwanaanga akiondoka, ile nguo inang'aa juu ya mawe meusi. Papa aliitazama sana. Nadhani aliiona, Benny. Mimi niliyeshona nilijua, lakini sikumwambia mtu. Ni mabega yako yale. Halafu akasema polepole: "Ule ni mutoto yangu. Aliendaka sayari ya baridi, iko mwaka ya tisa. Iko anatumika kazi kule." Picha ikakatika, ukuta ukawa mweupe. Watu wakauliza, anarudi? Muzee Luc, anarudi? Papa akasema: "Filme haiishe bado. Mutoto iko njiani." Akapuliza mara mbili, akazima.

Watu wote walipotoka nilimfuata mlangoni, nimeshika pochi. Alifunga mlango, akazitazama funguo, akazirudisha shingoni. Njiani kote hadi nyumbani aliongea. Aliongea hadi nikachoka, Benny! Anasema Charline amekosea mwendo wa chombo, anasema kiti cha nahodha kingekuwa cha heshima zaidi, anasema Jumamosi ijayo mabenchi yaongezwe. Nilimsikiliza huku nalia barabarani mchana kweupe, na hapakuwa na kitunguu.

Kwa hiyo maneno yako nakurudishia. Ukitaka yamfikie Papa, njoo umwambie mwenyewe. Mimi siwezi.

Wasalimie Uwizeye na watoto, na kwa jina langu umkumbatie binamu yetu Munezero kama bado anaishi karibu nanyi. Charline, Byiringiro na akina mama wote kumi na wawili, pamoja na miili yao, wanawasalimu. Mungu awafunike huko theluji iliko, awape kazi isiyovunja mgongo, na siku moja awaonyeshe barabara ya Goma.

Mimi dada yako akupendaye hata unaponichosha,

Kahindo

Nilikuwa nimeshakunja karatasi, Papa akapita. Hakuuliza naandika nini. Ameniambia nguo nimeishona vizuri pale ilipopasuka, lakini Charline akitaka kumrudisha Byiringiro juu ya mawe asithubutu, yule wa kurudi si yeye. Kisha akasema nikuulize kiuno chako sasa ni ngapi.