Boti ya Gesi na Pua ya Baba

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, shemeji na wapwa zangu wote, hasa yule mdogo ambaye nasikia ameanza kung'oka meno. Je, mguu umepona, au bado unakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku tu wazima wa mwili. Nimesema wa mwili kwa sababu baba si yule uliyemwacha, na ndiyo maana nimeketi kukuandikia badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza.

Nadhani ulisikia kwamba mwenye hoteli ya ziwani alituletea karakanani boti yake ya starehe, ile nyeupe anayowatembezea wageni. Alitaka injini iache petroli itumie gesi ya mitungi, maana wageni walilalamika kwamba moshi unawachefua. Baba aliipokea kazi ile kama mtu aliyeletewa mjukuu. Alitengeneza kasha la mtungi kule nyuma, lenye bomba la kutolea hewa nje. Akafunga kifaa cha kupunguza nguvu ya gesi, akakizungushia maji ya moto ya injini kisije kikaganda, halafu akaunganisha mpira hadi kwenye kabureta. Kila nati aliyoikaza aliipaka povu la sabuni, akainama kuangalia kama kuna mahali panapotoa mapovu. Hapakuwa na hata povu moja. Nisimnyime haki yake: ilikuwa kazi ya fundi.

Lakini gesi si petroli, dada. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikaenda zake. Inateremka tumboni mwa boti na kutulia pale kama maji, ikingoja cheche moja tu. Ndiyo maana kiwandani huitia uvundo wa makusudi, ili hata mpumbavu aikimbie. Na baba hanusi.

Najua utasema nimechanganyikiwa. Mtu ambaye wateja walimwita Pua, aliyekuwa akinusa moshi wa injini barabarani na kusema ringi zimekwisha, hanusi? Ile homa ya mwaka jana, iliyomlaza mpaka ukaja kumuuguza, iliondoka na harufu zote. Hakumwambia mtu. Akajifunza kututazama. Akiingia jikoni hukodolea uso wa mke wangu kwanza, akimwona amekunja pua, husema, "Leo mmeunguza kitunguu." Tukicheka kwa mshangao, naye anacheka.

Nilianza kumshuku siku alipokunywa maziwa yaliyochacha akafuta midomo. Nikachukua kitambaa kilicholowa petroli, nikakisokomeza chini ya mto wake. Alilala juu yake hadi asubuhi. Nilipomkabili faraghani, nikamwambia kazi ya gesi si ya mtu asiyenusa, aliniambia nimekuwa mkubwa siku hizi, na kwamba ataacha kunusa siku atakayoacha kupumua. Nikamwacha. Mwenye macho haambiwi tazama.

Siku ya kuijaribu boti, mwenye hoteli alikuja na dereva wake. Baba alikuwa amevaa ovaroli iliyopigwa pasi mpaka kwenye makwapa. Tulipokanyaga gatini tu, uvundo ukatupiga usoni, yai viza na kitunguu kilichooza kwa pamoja. Nati moja ya mpira ilikuwa imelegea. Baba alishuka botini, akafungua mfuniko wa injini, akaingiza kichwa. Kisha akafanya kama kawaida yake: akatutazama mmoja mmoja. Hakuna aliyekunja hata nyusi. Dereva alikuwa akitazama maji. Mchomeleaji wetu wa karakanani alikuwa akichezea kifungo cha shati.

Mwenye hoteli akamwuliza, "Mzee, hakuna kinachonuka?"

Baba akajibu kwa sauti ya bashasha, "Pasafi kama sahani, bosi," akazungusha ufunguo.

Injini haikuitika. Hapo mchomeleaji akashindwa kujizuia, akaangua kicheko, na dereva akamfuata. Mwenye hoteli hakucheka. Alimwambia baba atoke botini kabla hajaua watu. Baba akapiga magoti, akazamisha uso wote mle ndani, akavuta pumzi kama mtu anayekunywa maji baada ya safari. Alipoinuka macho yalikuwa yakimchuruzika. Akanisogelea, akaniuliza polepole, "Inanuka sana?"

Nikamjibu, "Sana, baba."

Tangu siku ile hajashika spana. Nilidhani aibu ya pua ndiyo itakayomvunja, kumbe hiyo alikwisha kuizoea. Kinachomla ni ile nati. Jioni moja aliniambia kwamba pua ilipoondoka alijifariji kwamba mikono ipo na sabuni ipo. Sasa mikono nayo imemsaliti, amesahau kukaza nati kama mwanagenzi. Anafunga bomba la maji, anarudi kulifunga, anarudi tena. Vifungo vya shati anafungiwa na mke wangu, maana haiamini tena mikono yake.

Dada, baba hakusahau nati yoyote. Niliilegeza mimi. Asubuhi ile nilitangulia gatini, nikaizungusha robo, nikafungua mtungi ili gesi ijikusanye. Waya wa betri nilikuwa nimeuchomoa, kwa hiyo hakuna ambaye angekufa. Mwenye hoteli alijua. Nilipomwambia baba hanusi, yeye ndiye aliyesema hanisadiki mpaka aone kwa macho. Na ni mimi niliyewaonya wenzangu wakaushe nyuso, kwa kuwa nilijua wapi baba anachungulia.

Sikuombi msamaha, na yeye sijamwambia wala sitamwambia. Siku moja angeilipua boti yenye watoto wa watu, nawe ungeniuliza nilikuwa wapi. Ni kweli ningeweza kumwumbua tukiwa wawili tu. Lakini tukiwa wawili angekataa tena, na mwenye hoteli ana boti nyingine zinazongoja gesi, na alitaka fundi mmoja wa kumkabidhi zote. Amenikabidhi mimi. Akimjua aliyeilegeza nati, baba atarudi karakanani kesho, na pua hiyo hiyo. Heri aidharau mikono yake.

Nimemkatia tiketi ya basi la Jumamosi. Anaamini anakuja kukutembelea mpaka atulie. Chumbani kwake tayari analala mwanafunzi wangu wa kazi, kwa hiyo usimpe matumaini ya kurudi. Mpe chumba kisicho karibu na jiko, na mtungi wako wa gesi ufunge mwenyewe kila ukimaliza kupika. Atakuuliza kuhusu sanduku lake la vifaa. Mwambie linakuja na mzigo wa nyuma. Haliji, spana zake ndizo ninazofanyia kazi, na hakuna zinazozishinda.

Mke wangu anawasalimu nyote. Amemfulia ile ovaroli, maana baba amekataa kusafiri bila hiyo. Wapake wapwa zangu mafuta ya kichwa kwa niaba yangu, na mguu wako uukande kwa maji ya moto.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenibeba mgongoni