Kilo Sitini za Mlango wa Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Bajeti imekatwa robo. Injini tuliyoomba haiji, inakuja ndogo. Kwa hiyo gari la majeruhi tunalolibunia jeshi lipungue kilo mia tatu, na mtunza uzito wa mradi ni mimi. Kila idara ilete mezani Alhamisi kilo zake za kupunguza. Thubutu! Kila mtu kaficha za kwake na anaapa hana kitu.

Hata mimi ninazo. Sitini. Nimeziandika "nyaya na mengineyo", lakini ni za pampu ya kusukuma mlango wa nyuma. Mlango ule ni kilo mia mbili na kumi. Gari likiegemea upande, bila pampu, aliyeumia haufungui ng'o. Na mdogo wangu ni muuguzi wa jeshi — huko nyuma ndiko atakakokaa.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwambia Pacha. Tumesoma darasa moja, miaka tisa meza zetu zinagusana, ndiyo maana ofisi nzima inatuita mapacha. Nilitaka anihakikie hesabu. Akacheka, akasema hata yeye angezificha hapohapo, na kwake siri imefika kaburini. Nimepumua.

Alhamisi, 6 Machi

Kaniuza. Mchana kweupe!

Mkuu wa mradi aliuliza nani anaongeza kilo za kukata. Pacha akanyoosha mkono: kwenye "nyaya na mengineyo" kuna kilo sitini hazina kazi. Hazina kazi! Hakunitazama hata kidogo. Nikasimama, nikaeleza pampu, mlango, majeruhi. Mkuu akauliza, kama ni za pampu, mbona umeandika nyaya? Akazikata zote sitini, na pampu imekwenda nazo. Mwongo sasa ni mimi.

Nilimbana kwenye korido. Eti alitaka kuniokoa, zingegundulika tu. Nimerudi kuangalia orodha. Idara yake ya redio ilitakiwa kutoa hamsini na nane. Haikutoa hata moja, zangu ndizo zimeifidia.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeusikia msemo huu tangu utotoni, leo ndio umeniingia.

Jumanne, 11 Machi

Jaribio la kufungua mlango mteremkoni limefutwa. Mafuta hakuna, siku hakuna. Basi nikalifanya mwenyewe! Fundi wa karakana akapandisha magurudumu ya upande mmoja juu ya ukingo wa njia, mimi nikajifungia ndani. Mkono mmoja — wapi. Miwili — wapi. Nikaweka bega mpaka likaniuma. Fundi akanifungulia kwa nje, anahema.

"Mama, humu mtu atakufa mlango anauona," akasema.

Nimemwambia Mkuu usoni kwamba fomu ya kuthibitisha mlango sisaini. Akasema sawa, nipumzike kidogo. Sikupenda ile sawa yake.

Ijumaa, 14 Machi

Wakubwa wa jeshi wamekuja kuliona gari. Pa kuegesha alichagua Pacha: sakafu ya saruji, tambarare kama meza. Mlango ukafunguka kwa mkono mmoja, makofi yakalia. Alijua! Ripoti yangu ya Jumanne nilimwekea mezani kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumapili, 16 Machi

Mdogo wangu amekuja kuaga. Kesho alfajiri wanaondoka kwenda milimani, na kajiandikisha gari la kwanza. Kwa hiari yake! Nikamuuliza, wenzako wanakwepa gari jipya, wewe umelogwa?

Akacheka. "Dada, nimeona saini yako kwenye fomu ya mlango. Nikawaambia, hili kapima dada yangu, tuingie bila wasiwasi."

Saini ipi?

Alikuwa ameipiga picha, kwa kujivunia. Jina langu. Saini yangu, karibu kabisa — ila mkia wa mwisho umekunjwa kushoto. Mkono ule naujua. Nimenakili madaftari yake tangu chuoni.

Nimempigia Pacha. Hakukana. Kasema tu, kwa sauti ya chini, kwamba nikifungua mdomo tunafukuzwa wote wawili, kwani aliyeanza kuficha ni nani? Kisha akakata. Mkuu nimempigia mara nne, hapokei.

Mdogo wangu yuko chumbani anafunga begi, anapiga mluzi. Ananiita nikamshikie zipu. Nimemwambia subiri kidogo, namaliza kuandika.

Mluzi umenyamaza. Amekuja kusimama mlangoni.

"Dada, kuna nini?"