Buti la Pijo ya Baba

Kibokoni,
Mji wa Kale,
Mombasa.
Jumanne, 11 Februari 2025

Mpendwa ndugu yangu Khubaib,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nataraji barua hii itakukuta wewe, mkeo na wanangu wa huko Maskati mu wazima, na kwamba ule mgongo wako umepoa. Mimi mwili sijambo, alhamdulillahi, ila mkono wa kulia umevimba kwa kumpiga mtu kiatu, na mtu mwenyewe ni ndugu yako Sabir. Utayasoma.

Shaaban ndiyo hiyo, majirani washaanza kupaka nyumba chokaa, na mimi hata jiko sijalipangusa. Barua aileta jirani yetu Fadhiya anayesafiri kesho. Simu nimekupigia mara kumi na saba hushiki. Kwani nakupigia kukuomba chumvi?

Jambo lenyewe nalisema mapema. Sabir yuko rumande. Amempiga Kioko, yule fundi wetu wa Shimanzi, kwa mpini wa jeki, na jicho la kulia la Kioko limekwenda, daktari ashasema halirudi. Kesi ni Jumatatu. Kioko akikubali sulhu, wakili asema hakimu huenda akasikiliza. Asipokubali, ndugu yako afungwa miaka. Na wa kumfanya Kioko akubali ni wewe. Sasa kaa kitako usome mpaka mwisho, usiitupe.

Unaijua Pijo ya baba. Tangu afe, huu mwaka wa tatu, gari lilishikwa na maradhi. Ndani ya mji halina neno, latoka Ngome ya Yesu mpaka Tudor kwa adabu zake. Lipeleke barabara kuu sasa, lifike themanini, lianze kuhangaika. Walirudisha kushoto, laenda kulia. Walivuta kulia, lapitiliza. Ni kugombana na usukani njia nzima mpaka mabega yakufe. Sabir akirudi Malindi hushuka hawezi hata kushika kikombe.

Kioko alibadilisha tai rodi zote mbili, zile fito za usukani. Akabadilisha bol jointi na bushi, viungo vyote vya magurudumu ya mbele. Tukanunua matairi manne mapya, akapima magurudumu ya mbele mara tatu kwa mashine na mara moja kwa uzi, kama mafundi wa zamani walivyofanya. Kila mara gari lilitulia mjini, na likifika Mtwapa lilianza upya. Nasi, Mungu atusamehe, tukasema fundi hafai.

Na wewe ukasema zaidi. Wakumbuka? Uliweka sauti yako katika kundi la simu la watu wa mtaa, ukasema Kioko ni mwizi, atoa vipuri vizuri vya baba na kuweka vibovu. Dakika nne nzima ulisema, kwa ile sauti yako ya mimbari. Waliisikia watu mia mbili na zaidi. Mwezi haukwisha, wateja wote wa Mji wa Kale wakamkimbia, akawaachisha kazi mafundi wawili. Sisi tuliendelea kumpelekea gari kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali kulishika. Haya ndiyo mambo yetu!

Sasa nakuja kwa mwanangu Nasiha. Nikahi ilikuwa Ijumaa ya tarehe 31 Januari baada ya Alasiri, salama salimini, na Jumamosi tukampeleka kwa mumewe Malindi. Watu wa bwana harusi walileta gari jeupe la kisasa lina maua. Mimi nikakataa. Nikasema binti wa nyumba hii hatoki kwenda kwa mume ila kwa gari la babu yake, mimi nilitoka nalo, na yeye atatoka nalo. Ni mimi niliyesema, Khubaib, si mtu mwingine. Sabir akashika usukani, mimi na Nasiha nyuma.

Pale Vipingo kwenye mashamba ya makonge lori likapishana nasi kwa kasi. Ule upepo wake ukatupiga. Pijo ikainua pua, ikaelekea kando. Sabir akavuta usukani, gari halikusikia. Akavuta tena kwa nguvu, likasikia kwa mara moja, mkia ukaja mbele na mbele ikaenda nyuma. Niliona lami yapita dirishani kwangu. Tukaingia makongeni, miba yavunja vioo, vyuma vyalia, na mimi nalia Ya Rabbi, Ya Rabbi.

Lilipotulia nikamshika mwanangu mikono. Sikujua hina ni ipi na damu ni ipi. Paji la uso lilikuwa limechanika mpaka mfupa waonekana, mtulinga wa bega umevunjika, na yeye aniuliza kama shela yake imeharibika. Alishonwa nyuzi kumi na nne. Sasa yuko hapa kwangu, mumewe amehamia chumba cha juu, amlisha uji kwa mkono wake. Kijana huyu ana heri, nakuambia.

Jumapili gari likavutwa mpaka gereji ya Kioko. Jumatatu asubuhi Sabir akaondoka nyumbani hakunywa hata chai. Nia yake niliijua kwa mgongo wake tu. Nikatupa buibui begani, nikapanda tuktuk, nikamfuata.

Nilichelewa. Nafika tu, mpini keshauinua. Kioko alikuwa akitokea chini ya lori, hajasimama sawasawa, na Sabir akampiga mpini wa jeki usoni. Mlio wake nausikia hadi sasa nikitwanga thumu. Akampiga mkono, ukavunjika. Kioko naye si wa kulala, kwa mkono uliobaki alimpiga Sabir ngumi ya mdomo, meno mawili yakaruka. Sabir akainua mpini mara ya tatu, na ile ya tatu ilikuwa ya kuua, wallahi nakuapia. Ndipo nikavua kiatu nikampiga kichwani, shingoni, popote, mpaka akageuka akaniona. Akakaa chini kwenye mafuta machafu, akalia kama mtoto. Polisi wakaja wakamchukua, mdomo wote damu.

Kioko alipokuwa akipandishwa gari la hospitali alinishika ukaya wa kichwani, uso wake hautazamiki. Akasema, “Mama Nasiha, sasa fungua buti.”

Basi sasa nikukumbushe, maana wewe ni hodari wa kusahau yako. Baba alipokufa hukuja kuzika. Siku ya hitima ukapiga simu, ukasema vifaa vya kazi ya baba alivyovipakia ndani ya buti juma lile la kufa kwake ni mirathi, asiguse mtu mpaka uje tugawe pamoja, na atakayelifungua hutamhalalishia duniani wala akhera. Tukala yamini, mimi na Sabir, mkono juu ya msahafu. Ukasema waja baada ya miezi miwili. Haya, hesabu mwenyewe.

Nikachukua mtaimbo wa gereji, nikalivunja buti mimi mwenyewe, mafundi wananitazama. Wekesa, mwenzake Kioko, akavitoa kimoja kimoja: fuawe ya baba ya kufulia shaba, yale mawe yake ya mizani, bamba za shaba, na masanduku mawili ya misumari ya njumu ya kunakshia milango, ambayo watu watatu waliyainua kwa taabu. Ghala lililo mkabala lina mizani. Tukavipima. Kilo mia mbili thelathini na mbili, Khubaib! Miaka mitatu tumezibeba nyuma kabisa, kama mtu aliyevikwa mzigo makalioni ukamwambia akimbie.

Wekesa alinieleza kwa maneno mepesi. Uzito ukikaa nyuma ya magurudumu ya nyuma, mbele yainuka. Polepole huoni kitu. Ukikimbia, matairi ya mbele yagusa lami kama anayeogopa kuungua, hayaishiki, na mkia mzito wavuta unakotaka wenyewe. Hapo badilisha tai rodi mpaka Kiyama.

Sikuridhika kwa maneno. Akanyoosha bawa la mbele, akaweka vioo, akapima magurudumu, na Jumamosi iliyopita nikapanda naye, buti tupu, mpaka Mtwapa na mbele yake. Sabini. Themanini. Nikafumba macho, nikaanza kusoma shahada. Tisini. Mia. Wekesa akaniambia nifumbue. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya mapaja, na Pijo yaenda moja kwa moja kama siku aliyoinunua baba. Lori likapishana nasi, gari likatikisika kidogo tu, likaendelea na njia yake. Nililia mpaka Wekesa akasimamisha kando akanipa maji.

Na hapa ndipo nilipo na langu, na ukitaka kunitukana nitukane. Mimi nilijua. Miaka miwili nyuma Kioko aliniambia, “Gari limekaa nyuma kama kuku anayetaga. Nipe buti siku moja, nivitandike vitu kwenye mkeka, niliendeshe, nivirudishe vilivyokuwa.” Nikamjibu nitasema na Sabir. Sikusema. Niliogopa kiapo, na zaidi nilikuogopa wewe na mdomo wako. Nikamwambia Kioko aweke springi ngumu za nyuma, gari likakaa sawa kwa macho, na watu wakasahau kuna mzigo. Kisha ukamtukana mbele ya mtaa mzima, na mimi nikanyamaza. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nimekuchelea wewe mdogo wangu, nikamkalisha mwanangu mwenyewe juu ya kilo mia mbili.

Juzi nilikwenda hospitali. Nikapiga magoti mbele ya kitanda, na Janet, mkewe Kioko, amesimama pale. Nikasema yote kama nilivyokuandikia. Janet alinizaba kofi. Nililistahili, wala shavu langu halikuuma kama maneno yake. Alisema mumewe miaka miwili alikuwa akiamka usiku akifikiri labda kweli hajui kazi.

Sabir naye ameandika kwa mkono wake kutoka huko rumande kwamba ana kosa, hajitetei. Hataki hata nikuombe wewe. Asema afungwe tu.

Mimi nataka atoke. Ni ndugu yangu, ana hasira za kijinga, lakini ndiye aliyemwosha baba, ndiye aliyemzika. Nikamwuliza Kioko ataka nini. Nilidhani atasema shamba, atasema nyumba, nami ningeuza hata dhahabu zangu. Akajiinua kidogo kitandani. Kisha akasema, “Jicho nimeshasamehe, Mama Nasiha. Jina langu bado.”

Ataka sauti yako, Khubaib. Kwenye kundi lile lile, mbele ya watu wale wale, useme Kioko si mwizi, useme alikuwa na haki, useme buti lilifungwa kwa neno lako. Hataki kingine. Akiisikia kabla ya Jumatatu, atamwambia hakimu ameridhia sulhu. Usinitumie mimi niseme kwa niaba yako, mimi yangu nimeshayasema na kofi nimelipokea.

Kuhusu kiapo, nimemwuliza sheikh wetu, nami nafunga siku tatu za kafara, hii ni ya pili. Wewe usiponihalalishia, basi, tutakutana mbele ya Mola.

Msalimie mkeo sana, na Mahira, na Kamaludin mdogo umwambie shangazi yake amwombea mtihani. Nana, jirani yetu wa chini, akusalimu, na asema bado hajasikia hodi yako. Nasiha pia akusalimu. Hawezi kuandika kwa ule mkono, lakini ameniambia nikuandikie neno lake hivi hivi: “Mjomba, mimi nimekusamehe. Usichelewe.”

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na watoto barabarani na majumbani, na aufanye ulimi wako mwepesi kwa siku hii moja.

Ni mimi dada yako nikupendaye, na nikiwa na hasira nawe,

Swabaha