Vigae vya Buluu Chumbani kwa Zuhura

Mpendwa wifi yangu Tatu,

Hujambo huko uliko? Najua hutanijibu. Hata ulipokuwa hai ulikuwa mzito wa kujibu, lakini leo utanisikiliza.

Unaikumbuka nyumba yetu ya udongo ya Temeke, zamani zile za Mwingereza, kaka yako akifanya kazi bandarini? Zuhura wangu alikuwa amechumbiwa, zimebaki siku nne kina mama wa upande wa bwana harusi waje kutazama chumba. Wewe shangazi yake ndiye mwenye haki ya kukipamba, ndivyo mila ilivyotaka. Mimi nilitaka ukuta ujae sahani toka juu hadi chini, kama kwa wenzetu, maana ukuta mtupu ni maneno ya mwaka mzima. Nikasema nitapita kwa majirani, niazime. Ukatafuna tambuu yako taratibu, ukasema, "Cha kuazima hakisitiri matako, wifi."

Tulikuwa na sahani saba tu, birika moja la shaba na vikombe vitatu visivyofanana. Sahani ya nane ni ile ya maua ya buluu aliyoniachia mama yangu, iliyovunjika siku tuliyohama Kunduchi. Vigae vyake nilivifunga kwenye kitambaa nikaviweka chini ya kitanda, sina moyo wa kuvitupa.

Siku ya pili yake nimerudi sokoni nakukuta chumbani, mikono myeupe kwa chokaa mpaka viwikoni, kitambaa changu kimefunguliwa sakafuni. Umekwisha kuvipachika vigae vya mama yangu kwenye ukuta mbichi. Sote wawili tumekulia Kunduchi, tunajua watu wa kale walipachika wapi vyombo vyao vya kauri. Ni makaburini. Nikakufokea kwamba umemletea mwanangu kaburi chumbani, kwamba mkwe wake, mama wa bwana harusi, akiingia atageukia mlangoni na posa itavunjika. Kisha nikakutupia lile neno. Nilisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wewe hujazaa.

Uliosha mikono polepole, ukanishika bega, ukanirudisha mpaka mlangoni ili nitazame.

Ndipo nikaona. Hukuviunganisha vigae viwe sahani tena, kama ambavyo ningefanya mimi. Ulivitawanya, maua ya buluu yakapanda ukutani kutoka kichwani mwa kitanda, yakawa yanapungua, yanapungua, mpaka kigae kimoja peke yake kando ya dirisha. Sahani saba ulizitundika kwa nafasi, hakuna iliyoisonga nyingine. Birika uliliweka kwenye kidaka cha ukutani pale jua la asubuhi linapopiga, na vile vikombe vya aibu ukavijaza asumini. Jamani, chumba kile kile cha udongo. Nilikuwa nimekifagia miaka sita na sikujua kama kina uzuri wowote. Nilitafuta kosa nikusute, nikalikosa, nikaenda zangu jikoni.

Siku ikafika. Mkwe aliingia na wenzake. Akasogea ukutani, akapitisha kidole juu ya kigae kimoja hadi kingine. Nilikuwa nikimwomba Mungu moyoni, asitaje kaburi, asitaje kaburi. Akauliza, "Nani kapamba hapa?"

Wewe ulikuwa nyuma yangu na sinia la halua. Ulimi wangu ukanitangulia.

"Mimi," nikasema.

Akanikumbatia. Akasema tangu azaliwe hajaona chumba kama kile, na kwamba binti aliyelelewa na jicho kama langu ni bahati kwa mwanawe. Nikageuka nikutazame, nikijua utaniumbua, na haki ilikuwa yako. Ukatua sinia chini. "Wifi yangu ana mkono, mashallah," ukasema.

Basi, hukulitaja tena mpaka ukaingia kaburini. Nimekula sifa zako miaka yote hii bila kunikwama. Majirani waliponiita nikawapambie harusi zao nilisingizia mgongo, nawe, mtu wa ajabu wewe, ukaniletea mafuta ya kuchua mbele za watu.

Juzi binti wa Zuhura amekuja na mama yake. Anaolewa, anataka bibi ampambie chumba kama alivyompambia mama. Nilishika sahani moja, nikasimama mbele ya ukuta. Wifi, ulikuwa unaanzia wapi? Nilitazama ukuta mpaka macho yakauma, nikakaa kitandani nikalia. Zuhura akaniuliza nina nini.

Nikamwambia yote. Kwamba aliyempambia chumba ni shangazi yake, niliyemtukana kisha nikamwibia sifa, naye akaninyamazia. Nilidhani mwanangu atanidharau. Akanifuta machozi kwa ncha ya kanga yake.

"Najua, mama," akasema. "Nilikuwa chumba cha pili siku ile mkwe alipokuja, nilisikia. Shangazi akanijia akaniapisha nisikuaibishe maishani."

Wifi yangu, nisamehe. Nimewaambia wote, na leo nakwambia na wewe. Mungu akupe raha huko.

Ni mimi, wifi yako,
Mama Zuhura